Huyu Ni Wetu

Mume wangu husimulia kwamba Jumanne ile ya tarehe 3 Machi 1992 alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Mimi niliyemfungulia mlango nakumbuka viatu viwili, ila kimoja hakikuwa chake. Kilikuwa cheusi, cha kamba, kimempita kwa namba mbili hivi, na hadi leo hatujui mwenyewe alifika kwao na nini mguuni. Tumeoana tangu 1984 na bado hatujakubaliana juu ya kiatu hicho. Mjukuu wetu alipotuketisha na simu yake akitaka tumweleze mambo ya "enzi zenu", tulianzia hapo, tukabishana nusu saa nzima kabla hajaanza hata kurekodi.

Basi nimeamua kuandika mwenyewe. Najua atachukua kalamu nyekundu asahihishe pembeni. Alikuwa mpiga chapa, na kusahihisha ni ugonjwa wake.

Mimi nimezaliwa upande wa Siaya, yeye Murang'a. Nyumba yetu ya Eastlands ikawa ya Kiswahili kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Wajukuu huniita Dani, yeye humwita Guka, na hapo lugha za mama huwa zimekwisha. Nilifundisha shule ya msingi miaka 33, ndiyo maana yeye huniita Mwalimu. Mimi humwita Mzee tangu akiwa na miaka thelathini, kwa kumchokoza, na sasa jina limemkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa River Road, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji: kadi za harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya mazishi.

Miaka hiyo Nairobi haikuwa na diwani wala meya. Baraza la jiji lilivunjwa 1983, ikawekwa tume ya kuteuliwa, nayo ikakaa hadi 1992. Mfereji ukikauka hukuwa na mtu wa kumngojea kwenye kura. Na kura yenyewe, ule mchujo wa KANU mwaka 1988, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, ilikuwa ya mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako au picha yake mchana kweupe, na chifu anaona nani kasimama wapi. Mimi mwalimu wa hesabu nikaona kwa macho yangu mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu.

Hata hivyo sikuwa mwanaharakati. Nilisukumwa na sufuria. Mei 1990 Muoroto ilibomolewa, vile vibanda vilivyokuwa karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Watoto watatu wa darasa langu wakaja shule wamebeba vyombo vya nyumbani. Mama yao alikuwa amewaambia vitakuwa salama zaidi kwa mwalimu kuliko barabarani. Nikavipanga nyuma ya darasa, chini ya chati ya kuzidisha: sufuria tatu, karai, na birika lisilo na mfuniko. Kila nilipogeuka kutoka ubaoni nilikuwa naviona. Vilikaa wiki mbili, kisha wale watoto hawakuja tena, na vyombo nikabaki navyo. Karai hilo ninalo mpaka sasa.

Mwezi huohuo Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walikuwa wamesema hadharani kwamba wanataka vyama vingi. Rubia tulimjua kwa jambo jingine, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Mapema Julai wakakamatwa. Mkutano uliokuwa umeitishwa uwanja wa Kamukunji tarehe saba mwezi wa saba ukapigwa marufuku, na watu wakaenda. Mzee aliniaga kwamba anakimbia kununua maziwa. Yalimchukua siku nzima, na akarudi bila maziwa.

Fujo ziliendelea siku kadhaa. Siku moja alisimamishwa kwenye kizuizi Jogoo Road, askari akamshika mikono akaitazama. Kwenye kucha kulikuwa na wino. Siku hizo wino ulikuwa ushahidi tosha, maana makaratasi ya uchochezi hayakuonekana yalikochapwa. Kilichomwokoa ni kadi tatu za harusi alizokuwa nazo mfukoni, sampuli za mteja, zenye maua ya dhahabu. Askari akasoma jina la bibi harusi kwa sauti, akacheka, akamwachilia. Tangu siku hiyo hakutoka kazini kabla ya kusugua mikono kwa mafuta taa na sabuni ya unga. Nikisikia harufu ya mafuta taa hata leo, wenzangu hufikiria stovu, mimi hufikiria mlango ukichelewa kugongwa.

Shuleni tulikuwa na vichekesho vyetu. Wanaotaka vyama vingi walikuwa wakisalimiana kwa vidole viwili juu. Na darasani, tangu zamani, kidole kimoja kilikuwa "nina jibu", viwili "naomba kwenda msalani". Mwalimu mkuu alipoona darasa la pili zima limeinua vidole viwili baada ya uji wa saa nne, alitoka jasho. Kesho yake ikatangazwa gwarideni kwamba kuanzia sasa msalani ni vidole vitatu.

Sasa nifike Freedom Corner, maana ndipo penye ugomvi wa kiatu.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama waliokuwa na wana gerezani kwa sababu za kisiasa walikwenda kumwona Mwanasheria Mkuu wakiwa na Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, kisha wakaenda kuketi kwenye pembe ya Uhuru Park, ndiyo hiyo Freedom Corner. Wakasema hawali na hawaondoki mpaka watoto wao waachiliwe. Uwanja huo Wangari alikuwa ameshaupigania 1989, chama tawala kilipotaka kusimika humo jengo la ghorofa 60. Jumamosi nikachukua chupa ya chai na blanketi moja nikaenda. Mzee anasema alinisindikiza. Hakunisindikiza. Alininunia, akaniambia nina kazi ya serikali na watoto wawili, na Jumapili akanifuata kunirudisha. Alipofika akamkuta mama wa rika la mama yake ameketi chini ya mti, miguu imevimba, anamwita "mwanangu" kabla hajasema neno. Akakaa. Hilo la kukaa nampa, nililiona.

Jumanne nilikuwa darasani. Yeye akatoka kazini mchana akaenda peke yake, bila kuniambia. Polisi wakaja na marungu na vitoza machozi. Wangari alipigwa akazirai. Baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari, na kwa sisi tuliolelewa na mila, mama mtu mzima kumvulia kijana nguo ni laana, si jambo la kueleza. Mzee aliniambia habari hiyo mara moja tu, usiku, taa imezimwa. Aligeuza uso haraka asione, akajikuta bega kwa bega na askari kijana aliyekuwa akimkimbiza dakika hiyohiyo. Huyo naye alikuwa amegeuza uso. Wote wawili wakawa wanautazama mti. Kisha kila mmoja akakimbilia upande wake.

Viatu vilichanganyika hapo, au muda mfupi kabla ya hapo. Simuulizi tena.

Akina mama wakahamia chini ya Kanisa la All Saints, hatua chache kutoka bustani, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Nilikuwa naenda Jumapili. Mara ya pili nikaona kitu kilichonifunza kuliko hotuba zote: kulikuwa na mikate mpaka inaota ukungu, na hakuna sabuni. Kila mwenye huruma alikuwa ameleta mkate. Nikawa nanunua sabuni ya mche, naikata vipande kwa uzi, napeleka na nguo za ndani za kike kwenye kikapu kilichofunikwa sukuma wiki. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Wewe umelala nje siku moja katika maisha yako." Nilikuwa sijalala. Nilikuwa mwanamke tu, na nilijua siku huhesabiwaje.

Wengi wa wale wafungwa waliachiliwa kidogokidogo, hadi mapema 1993. Lakini kabla ya hapo tulishapasuka sisi wenyewe. FORD, muungano wa upinzani, ikawa mbili, ya Jaramogi Oginga Odinga wa Siaya yenye simba na ya Matiba wa Murang'a yenye njiwa. Mimi wa Siaya, yeye wa Murang'a, msomaji anajaza mwenyewe. Tulipatana kwamba ukuta wa sebuleni haubandikwi kitu. Tarehe 29 Desemba 1992 tulipanga foleni kabla ya alfajiri, karatasi tatu kila mmoja, na tukarudi nyumbani tumeshikana mikono tukiwa tumepigia watu tofauti. Rais Moi wa KANU akashinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Zilizobaki zote, karibu theluthi mbili, tulikuwa tumegawana sisi tuliomkataa. Sikuhitaji chaki kulifanya hesabu hilo. Mzee alizima redio, na siku mbili hatukusemeshana, si kwa hasira, kwa aibu.

Nairobi, hata hivyo, ilikuwa yetu. Upinzani ulizoa viti vingi vya ubunge, baraza likarudi, madiwani wakachaguliwa na watu, nao wakamchagua meya. Diwani wa mtaa wetu alikuwa wa chama cha Mzee. Alikuwa Kamukunji 1990, ana kovu juu ya nyusi. Mabango yake yote yalichapwa na mume wangu usiku, bure, kwa karatasi zilizosalia kwenye kazi za wateja, ndiyo maana mengine yalikuwa ya waridi. Aliposhinda alibebwa mabegani mpaka mlangoni petu. Alikunywa chai kwangu kwenye kikombe cha wageni.

Katikati ya mtaa kulikuwa na uwanja. Si uwanja wa maana, vumbi tupu, lakini ulikuwa na miti miwili mikubwa, magoli ya mabomba, na kamba za nguo. Wahubiri wa mkutano wa injili walikuja huko kila Agosti. Siku moja ya 1994 tukaamka tukakuta mabati yamezunguka uwanja mzima, nguo za watu zikiwa ndani.

Nikamwambia Mzee. Akasema lazima kuna maelezo. Nikamwambia mabati yameletwa na watu wa diwani. Akasema, "Mwalimu, huyu ni wetu."

Neno hilo nimelitafakari miaka thelathini. Ingekuwa tume ile ya kuteuliwa imefunga uwanja, mume wangu angekuwa wa kwanza kung'oa bati. Tulikuwa na miaka ya mazoezi ya kumpinga mtu aliyewekwa juu yetu. Tulijua pa kukimbilia, tulijua kulowesha leso, tulijua kunyamaza mbele ya askari. Mtu tuliyemweka wenyewe hatukuwa na zoezi lake. Kumsema kulionekana kama kuwasema waliopigwa pamoja naye.

Wanawake tukaitisha mkutano kwenye ukumbi wa mtaa. Hatukuwa na leseni. Wakati huo sheria ilikuwa ileile ya ukoloni, mkutano wa hadhara mpaka upate kibali, na haikubadilishwa kuwa ya kutoa taarifa tu hadi 1997. Askari wa utawala wakaja wakatutawanya, na aliyekuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani, ni diwani wetu mpenda uhuru. Nilimtazama lile kovu. Tangu hapo tukakutana kama chama cha akina mama, kila Alhamisi nyumba tofauti, mia mia kwenye bakuli ili mtu akiingia aone pesa mezani. Nikawa naandika kumbukumbu za mkutano kwenye daftari la shule, mada ya juu ikiwa "mchango wa vyombo".

Mzee hakuja hata mara moja. Miezi mitano. Tulikula meza moja na kulala kitanda kimoja, na mabati yalikuwa yanaonekana dirishani.

Kilichombadilisha si mimi. Diwani alikwenda River Road na kazi ya kuchapa, akamkuta rafiki yake. Alitaka karatasi rasmi na kadi za kampuni ya kuuza ploti. Safari hii akalipa, tena akalipa vizuri. Mzee akapanga herufi mwenyewe. Anasema aliiona namba ya ploti na jina la mtaa wetu kinyumenyume, maana herufi za risasi husomwa hivyo, na akaendelea kufanya kazi mpaka mwisho. Jioni akaweka mezani karatasi moja iliyoharibika, wino umevuja pembeni. Hakusema kitu, akaenda kunawa.

Hili bado linamuuma. Mpiga chapa hatoi nje siri ya mteja, alikuwa akifukuza vijana kwa kosa dogo kuliko hilo. Mimi sikuona kosa na sijaliona bado, lakini si mimi niliyekula kiapo cha River Road.

Tukiwa na namba, mambo yakawa ya miguu. Nilijifunza kulipia upekuzi wa hati, kungoja mezani kwa karani anayekunywa chai ya saa nne hadi saa sita, kusoma ramani na kujua bikoni, yaani alama ya mpaka wa ploti, ni nini. Wangari aliwahi kuwaandikia barua wakubwa wengi kuhusu Uhuru Park, nasi tukaiga. Barua moja, chini yake "Nakala kwa:" halafu ofisi nane, kutoka kubwa hadi ndogo. Mzee alituchapia kichwa cha barua chenye jina la chama chetu, na njiwa ambaye sikumwomba. Ofisi saba hazikujibu. Ya nane, ya chini kabisa, ikatuma kijana mwenye futi ya kupimia. Akapima asubuhi nzima akifuatwa na watoto wote wa mtaa, kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ploti kwenye ramani ni nusu ya kilichozungushiwa mabati.

Nusu ikarudi. Nusu nyingine leo ni ghorofa nne, na maduka chini. Wanaotusifu kwamba tuliokoa uwanja huwa siwakatizi, ila nafsi yangu hujua tulipoteza nusu ya uwanja kwa sababu miezi mitano ya kwanza, msingi ukichimbwa, watu wazima wa mtaa walikuwa wanangojea maelezo kutoka kwa wetu. Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, mwaka 2004, Mzee aliitafuta ploti yetu kwenye zile orodha ndefu kwa miwani na rula. Haikuwemo. Ilikuwa ndogo mno.

Ya mwanzoni mwa 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi, sitaki kuyaandika marefu. Kwenda dukani kulitegemea vijana waliosimama kwenye kona siku hiyo ni wa nani. Siku nyingine alikwenda yeye, siku nyingine mimi. Diwani wetu wa zamani, ambaye hakuwa diwani tena, alimlaza mdogo wangu nyumbani kwake siku nne. Hilo nalo lazima liandikwe.

Katiba ya 2010 ikaja, kifungu cha 37 kikasema mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana, na Mzee akakichapa kwa herufi kubwa akakitundika sebuleni, ukuta uleule uliokuwa haubandikwi kitu. Kaunti nazo zikaja 2013, Nairobi ikawa na wadi 85. Sasa hatukimbizwi na askari tukikutana. Tunaitwa kutoa maoni, tunaandika majina, tunapewa soda, na kitabu cha bajeti kinene kama Biblia kinaletwa siku hiyohiyo. Bado naenda. Nachukua daftari.

Tarehe 25 Juni 2024 mjukuu wetu alikwenda mjini na wenzake, siku ile waandamanaji waliopinga mswada wa fedha walipoingia Bunge. Mzee alisimama getini tangu saa sita mchana. Binti alirudi saa mbili usiku, macho mekundu. Guka wake alimtazama viatu kwanza.

Wiki iliyofuata ndipo alipotuketisha na simu. Nilimtolea faili: barua, ramani, karatasi yenye wino uliovuja. Zile ofisi nane zilimchekesha, akauliza kwa nini tusingeiweka tu mtandaoni. Kisha akaishika ile karatasi, akaipiga picha, akasema jina hili watu walijue. Mzee akamwambia aifute. Wakabishana, na kwa mara ya kwanza sikujua niko upande wa nani. Nadhani binti ana haki. Picha aliifuta.

Mwenye jina hilo bado ni jirani yetu. Kisukari kimemchukua mguu mmoja. Kila Jumamosi Mzee humpelekea gazeti, wanakaa kibarazani, wanazungumza habari za Kamukunji na bei ya unga. Uwanja hawajawahi kuutaja, miaka yote. Jumamosi iliyopita Mzee alichelewa kidogo kurudi, akaketi jikoni bila kuvua kofia. Akasema mwenzake amemuuliza kama ile miti miwili bado ipo.

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia umebaki mmoja."